Mnyama Aotaye Mguu Mpya

Sisi tunaofunga vidonda kila siku tunajua kwamba mguu ukishakatwa, umekatwa. Kidonda kikipona vizuri huacha kovu, naye mgonjwa hufundishwa kutembea kwa magongo. Kwa hiyo tuliposoma mara ya kwanza habari za aksolotli, tulidhani ni hadithi ya kuwafurahisha watoto. Sivyo. Yupo.

Aksolotli ni salamanda, yaani jamaa wa chura mwenye mkia. Kwao ni Mexico, katika mifereji ya ziwa Xochimilco, kusini mwa jiji kuu. Ziwa jingine alilokuwamo, Chalco, lilikaushwa. Urefu wake hufika sentimita 20 hadi 30, macho yake hayana kope, na mdomo wake mpana huonekana kana kwamba anatabasamu. Kila upande wa kichwa yametokeza matawi matatu ya matamvua anayovutia hewa majini. Neno hilo linamfaa kweli, maana yananing'inia kama matamvua ya kitambaa cha meza!

Sasa tuje kwenye mguu. Akikatwa, ngozi hufunika kidonda upesi, na chini yake hujitokeza kinundu kidogo kama chipukizi. Baada ya wiki kadhaa chipukizi hilo limekuwa mguu kamili, wenye mifupa, misuli, mishipa na vidole. Kovu hulioni. Anaweza kuotesha tena mkia, uti wa mgongo uliojeruhiwa, hata sehemu za moyo na ubongo. Watoto wake wanauhitaji sana uwezo huo, kwani wakibanana mahali pamoja hung'atana miguu. (Mwenye watoto wa kiume wanne chumba kimoja atatuelewa.) Wataalamu wanamchunguza kwa bidii, lakini magongo bado yapo wodini.

Jambo la pili ni kwamba hakui kama wenzake. Kiluwiluwi hupoteza mkia, akawa chura wa nchi kavu. Aksolotli hukomaa, hutaga mamia ya mayai, na bado ana matamvua yake ya utotoni. Sababu iko kwenye tezi ya shingo. Tezi anayo, ila haiamshwi vya kutosha kutoa homoni ya kumgeuza. Mwaka 1920 Julian Huxley wa Uingereza aliwalisha aksolotli tezi ya ng'ombe. Matamvua yakanywea, wakatoka majini. Ni tezi ileile inayotufanya tuwahimize mama wajawazito watumie chumvi yenye madini joto. Lakini wakati mtoto wa binadamu aliyekosa homoni hiyo hudumaa mwili na akili, aksolotli huishi salama bila kugeuka.

Basi, mnyama anayejiponya hivi angepaswa kujaa tele. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksolotli 6,000 katika kila kilometa moja ya mraba ya Xochimilco. Mwaka 2014 walikadiria 36. Maji ya jiji yamechafua mifereji, na katika miaka ya 1970 na 1980 walipandikizwa humo samaki wa kigeni waitwao kapu pamoja na perege, samaki wa asili ya huku kwetu Afrika, ili watu wapate kitoweo. Nia ilikuwa njema, lakini samaki hao walikula mayai na watoto wa aksolotli. Mguu ulioliwa huota; yai lililoliwa limekwisha.

Siku hizi baadhi ya wakulima wenye bustani katikati ya mifereji hiyo wameacha dawa za kemikali. Wakishirikiana na watafiti, wanaziba midomo ya mifereji midogo kwa vichujio vya mawe na mimea, maji yapite, samaki wabaki nje. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, aksolotli 18 waliozalishwa na watu waliachiliwa wakiwa na vifaa vya redio. Wote walikuwa hai kipindi chote cha kufuatiliwa. Nasi tunaopima watoto kliniki tulifurahi kusoma kwamba waliokamatwa tena walipowekwa kwenye mizani, walikuwa wameongeza uzito.