Tembo wa Tabora Alivyotaka Kuvunja Ndoa Yangu

Wanawake wenzangu mnajua, mwanaume akirudi nyumbani mapema huku anatabasamu peke yake, kuna jambo. Siku hiyo Baba Neema alinikalisha, akafungua leso taratibu kama anayenivisha pete, akaniwekea mkononi sarafu ya dhahabu. "Mama Neema, tumeula!" Kodi ya nyumba ya miezi 6 ilikuwa imeishia pale.

Mume wangu anakusanya sarafu za zamani. Hilo nilimkuta nalo, sina ugomvi. Anazo pesa za kampuni ya Wajerumani za mwaka 1890, rupia za Kaiser, mpaka senti za tundu za Mwingereza. Lakini hii ndiyo ilikuwa ndoto yake: rupia 15 ya Tabora, ya mwaka 1916. Kwa usiyeijua, Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga pwani na fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Wajerumani wakachukua dhahabu ya Sekenke, wakatengeneza sarafu zao kwenye karakana ya reli pale Tabora. Zilitoka 16,000 na kidogo tu. Upande mmoja tai, upande wa pili tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Na herufi T ya Tabora.

Nilitaka kulia. Badala yake nikasema, "Twende kwa sonara." Akanuna, eti simwamini.

Kumbe vipimo vyote alikuwa anavijua! Ila muuzaji alimharakisha, eti kuna Mzungu yuko njiani na dola zake. Jamani, ukiharakishwa hivyo jua unaingizwa mjini. Rupia 15 halisi ina uzito wa gramu 7.17 na dhahabu yake ni ya karati 18. Shaba ya njano ya ukubwa ule ule haifiki hata gramu 5. Mizani ya sonara ikasoma 4.2.

Kimya.

Sonara akaigeuza ukingoni chini ya lenzi. Mstari mwembamba ulizunguka sarafu nzima, kama ule wa pembeni mwa chupa ya plastiki. Maana yake imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa kwa muhuri. Tembo naye alikuwa na vitobo vidogo mwilini kama mwenye tetekuwanga. Baba Neema akauliza kwa sauti ya chini kama wajaribu sumaku. Bure tu. Sumaku inaumbua rupia bandia zenye chuma ndani, shaba haivuti, na dhahabu haivuti vilevile.

Njiani hatukusemeshana. Usiku alilala sebuleni, na sikumfukuza mimi.

Kodi ililipwa kwa kuuza nusu ya mkusanyiko wake. Alizipanga mezani, akawa anazihesabu moja moja, na pale ndipo hasira zote zikaniishia. Alipokwenda kunawa nikachomoa rupia 2 za Kaiser nikazificha kwenye kopo la majani ya chai. Mpaka leo anadhani ziliuzwa. Atajua akisoma hapa.