Herufi Zilizo Katika Vitufe vya Simu

Ichukue simu yako, iwe kitochi au simu janja, uvitazame vizuri vitufe vyake vya kupigia. Katika kitufe cha 2 utaona herufi ABC. Katika 3, DEF. Katika 4, GHI. Katika 5, JKL. Katika 6, MNO. Katika 7, PQRS. Katika 8, TUV. Na katika 9, WXYZ. Twavibonyeza vitufe hivyo kila siku, lakini ni wachache wanaouliza herufi hizo zimewekwa hapo kwa kazi gani.

Kijana wa shule atajibu upesi: “Ni za kuandikia ujumbe.” Jibu lake ni la kweli, ila ni nusu tu. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulipelekwa huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Herufi zilikuwa zimekwisha kuwapo katika simu kwa miaka sabini hivi kabla ya siku hiyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupigia simu.

Jambo hili lafaa kujulikana hata hapa Tlawi. Siku hizi jamaa zetu wako mbali, wengine Dar es Salaam, wengine Ulaya na Marekani. Yaweza kutokea kwamba mzazi aletewa karatasi ya shule au ya hospitali aliko mtoto wake ng’ambo, na mahali pa namba ya simu hapana tarakimu tupu, bali pana neno. Mzazi alitazama neno hilo, asijue aanzie wapi, na simu ya haraka haipigwi. Kumbe shida ni ndogo, na dawa yake i mkononi mwake.

MWANZO WAKE

Zamani mtu aliyetaka kupiga simu alimwomba opereta amwunganishie. Zilipokuja simu za kisahani cha kuzungusha kwa kidole, mpigaji alianza kuunganisha mwenyewe. Lakini katika miji mikubwa kama New York namba zilikuwa ndefu, na wakubwa wa simu waliogopa kwamba watu hawataweza kuzishika kichwani. Mwaka 1917 bwana mmoja wa kampuni ya AT&T ya Marekani, jina lake W. G. Blauvelt, alitoa shauri la kuweka herufi pamoja na tarakimu. Tangu hapo kila kituo cha simu kiliweza kuitwa kwa jina, na mpigaji alizungusha herufi za kwanza za jina hilo, kisha tarakimu zilizobaki.

London nayo ilifuata njia hiyo. Makao makuu ya polisi, yaani Scotland Yard, yalijulikana kwa namba WHItehall 1212. Mpigaji alizungusha W, H, I, ndiyo 9, 4, 4, kisha 1212. Jina la mtaa lilishikika kichwani kuliko tarakimu saba tupu.

Utaona kwamba 1 na 0 hazina herufi. Sifuri iliwekwa kwa ajili ya kumwita opereta. Tarakimu 1 iliachwa wazi kwa sababu mtu akigusa tu mahali pa kuwekea mkono wa simu, mashine iliweza kudhani amezungusha 1. Jambo jingine: kisahani cha Marekani hakikuwa na Q wala Z katika tarakimu zile za kawaida. Mwiraqw wa Mbulu asingeliweza kulipiga jina la kabila lake! Leo Q imo katika 7, na IRAQW ni 47279.

Mwaka 1963 Wamarekani walianza kuuziwa simu za kubonyeza, nazo herufi zikahamia katika vitufe. Mwaka 1967 zikaanza huko namba za 800, ambazo anayelipa ni yule anayepigiwa. Wenye biashara wakaona faida ya kuchagua namba inayosomeka kama neno. Iko kampuni ya kuuza maua ambayo jina lake lenyewe ni namba yake ya simu: 1-800-Flowers.

JINSI YA KUPIGA

Tuichukue namba hiyo ya maua iwe mfano wetu. Neno lake lina herufi saba. F imo katika 3, L katika 5, O katika 6, W katika 9, E katika 3, R katika 7, na S katika 7. Basi FLOWERS ni 3569377. Hakuna siri nyingine.

Hata hivyo yako makosa matatu ambayo yafaa kujihadhari nayo.

Kosa la kwanza ni la watu wa kitochi. Sisi tumezoea kwamba ukitaka kuandika L wabonyeza 5 mara tatu, na ukitaka S wabonyeza 7 mara nne. Hiyo ni kanuni ya kuandika ujumbe. Katika kupiga simu kila herufi yabonyezwa mara moja tu, hata ikiwa ya mwisho katika kitufe chake. Mfano ni jina la kijiji chetu. Kuliandika TLAWI katika kitochi wabonyeza mara tisa. Kulipiga kama namba wabonyeza mara tano tu: 8, 5, 2, 9, 4. Anayebonyeza 7 mara nne kwa ajili ya S moja ameharibu namba yote.

Kosa la pili ni kuidhani herufi O kuwa ni sifuri, na herufi I kuwa ni moja. Herufi O ni 6, na I ni 4. Kosa hili liliwasumbua hata mataifa makubwa. Katika visahani vya Uingereza O iliwekwa pamoja na sifuri, na katika vile vya Marekani iliwekwa katika 6. Watu walipoanza kujipigia wenyewe simu za kuvuka bahari, neno moja likawa na namba mbili. Mapatano ya kimataifa yaliweka O katika 6, na ndivyo simu zetu zilivyo.

Kosa la tatu ni la simu janja. Simu hizi zina mahali pawili pa kubonyeza: pa kupigia simu, na pa kuandikia, ambapo kila herufi ina nafasi yake peke yake. Ukitaka kupiga, fungua mahali pa kupigia, ambapo tarakimu zina herufi chini yake, ubonyeze hapo. Simu nyingine zenye vitufe vingi vya kuandikia hazionyeshi herufi gani ni ya tarakimu gani. Mwenye simu ya namna hiyo na aandike orodha ile ya juu katika kikaratasi.

Tena, anayepiga Marekani kutoka kwetu aanze na alama ya kujumlisha (+), kisha 1, ambayo ni namba ya nchi hiyo. Wala asidhani kwamba namba ya 800 ya huko itakuwa ya bure kwake. Yaweza kumtoza fedha, au isipatikane kabisa. Ni vema kumwomba mtoto aliye huko aandike pia namba ya kawaida.

KWETU TANZANIA

Katika nchi yetu desturi ya kupiga maneno haikushika. Sisi tulichukua njia nyingine ya kumsaidia mpigaji, nayo ni namba fupi. Kwa msaada wa haraka wa polisi twapiga 112. Kwa Zimamoto na Uokoaji, 114. Kwa habari za mtoto anayeteswa au aliye hatarini, 116. Namba hizi hazihitaji neno la kuzikumbuka. Kila mtoto wa shule aweza kuzijua, na yafaa azijue.

Lakini herufi hutujia kwa mlango mwingine. Ujumbe wa makampuni mara nyingi hauna namba ya mpelekaji, bali una jina, kama M-PESA. Jina hilo si neno la kupiga. Ni maandishi tu yaliyowekwa na mpelekaji, na ukilibonyeza kwa vitufe hutafika popote. Matapeli wajua kwamba jina latuliza moyo. Huandika jina la kampuni ndani ya ujumbe uliotoka katika namba ya kawaida, na kusema kwamba fedha zimeingia kwako kwa makosa, uzirudishe. Usisadiki jina. Tazama salio lako mwenyewe kabla ya kupeleka hata shilingi moja. Ujumbe wa namna hiyo waweza kuupeleka kwa namba 15040, iliyowekwa kwa kupokea habari za matapeli.

FAIDA KWA NYUMBA ZETU

Ingawa hatupigi maneno, akili ile ya Bwana Blauvelt ingali yatufaa. Leo simu yakumbuka namba zote kwa niaba yetu, nasi tumeacha kuzikumbuka. Simu ikiisha moto njiani, au ikiibiwa stendi, mtu mzima husimama na simu ya kuazima mkononi, asijue namba ya mke wake. Na mtoto aliyepotea mnadani je, atawaambia nini wasamaria?

Jaribuni jioni moja nyumbani. Andikeni namba ya baba au ya mama katika karatasi. Sifuri ya mwanzo iacheni kama ilivyo. Kisha tazameni tarakimu nne za mwisho, mtafute neno ndani yake. Anayemaliza na 6262 ana MAMA. Anayemaliza na 2222 ana BABA, na pia ana ABBA, maana herufi A na B zakaa katika kitufe kimoja. Namba isiyotoa neno, kwa kuwa ina 0 au 1 katikati, igawanyeni mafungu mafungu, muiimbe kama watoto waimbavyo hesabu za kuzidisha.

Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuishika namba moja kwa siku chache. Msimwache aende mnadani, mjini wala shule ya bweni kabla hajaweza kuitaja pasipo kutazama simu.