"NIKO KADI!": HILA ILIYOZUA UBISHI MACHAKOS

Mtu wa Pwani akisikia neno karata, fikira zake huenda moja kwa moja barazani baada ya alasiri, penye turufu, kopa, uru, shupaza na pau. Maneno hayo tuliachiwa na Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 na kutolewa humo na Waomani mwaka 1698. Wenyewe wakaenda zao, karata zikabaki. Huko bara mambo ni mengine. Vijana wa huko husema kadi, neno la Mwingereza, na mchezo wao wa kadi hauna turufu wala mwenzi wa kukaa mkabala nawe.

Nilipopita Machakos niliwakuta vijana sita karibu na soko, wameinamia kreti la soda lililofunikwa kwa kipande cha boksi. Nilisimama nitazame kidogo tu, na nusura nikose gari.

Mchezo wenyewe si mgumu kuufahamu. Kila mtu hupewa karata, aghalabu nne. Ile iliyofunuliwa katikati hufuatwa ama kwa umbo lake ama kwa namba yake, na asiyekuwa nayo huokota kwenye rundo. Mbili humwokotesha mwenzio karata mbili, na tatu humwokotesha tatu. Ree huizuia adhabu hiyo. Ghulamu, ambaye wao humwita Jeki, humruka mtu zamu yake, na mfalme hugeuza njia ya mchezo. Nane na bibi ni maswali: ukiweka swali, sharti ulijibu mwenyewe, la sivyo uokote. Kwa hivyo katika karata 52, zisizokuwa na kazi maalum ni 24 tu, yaani nne, tano, sita, saba, tisa na kumi, na hizo ndizo za kumalizia. Anayetaka kumaliza hana budi atangaze mapema: "Niko kadi!"

Tangazo hilo ni onyo. Wenzake wakilisikia hupata nafasi ya kumtilia mbili au tatu, au kumgeuzia umbo, ili asimalize kwa raha.

Sasa, siku ile wanne walikuwa wameshamaliza, wakabaki wawili wakigombea wa mwisho asiwe nani. Mmoja alikuwa na karata tatu: Jeki wawili na saba ya kopa. Akamweka Jeki wa pau, akamruka mwenzake. Kwa kuwa wamebaki wawili tu, zamu ikamrudia yeye. Akamweka Jeki wa kopa, akapaza sauti, "Niko kadi!" Mwenzake akarukwa tena, zamu ikarudi, saba ikashuka. Kwisha.

"Hujamaliza," akasema yule wa pili.

"Nimetangaza. Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Lakini umenitangazia ili nifanye nini?"

Hapo pakawa hapatoshi. Wengine walisema zamu iliyorukwa ni zamu, kwa kuwa ilimfikia ndipo ikampita. Wengine wakasema zamu ambayo mtu hawezi kuweka hata karata moja haihesabiki. Hakuna kitabu cha kufungua, wala mzee wa baraza wa kukata shauri. Mchezo huu umesambaa shule kwa shule na kituo kwa kituo cha matatu, kila mahali na kanuni zake.

Mimi nilicheka kimoyomoyo, maana ubishi huu si mgeni kwetu. Neno lenyewe, hila, tumelipokea kutoka Kiarabu, na wanavyuoni wa fiqhi waliliandikia vitabu. Al-Khassaf, mwanachuoni wa Kihanafi wa karne ya tatu ya Hijra, ana kitabu kinachojulikana kwa jina hilo. Imamu Bukhari naye, katika Sahihi yake, ametenga Kitabu cha Hila, na hadithi aliyokifungulia ni ile ya nia. Swali lao lilikuwa zito kuliko la karata, nalo lilihusu mali, zaka na ndoa. Lakini sura yake ni moja: mtu ametimiza neno la sheria, akaivunja maana yake. Kwa kipimo hicho, kijana wa Jeki wawili alitoa onyo ambalo halikumwonya mtu. Mimi nisingempa ushindi.

Hila nyingine niliyoiona pale ni ya rundo, nayo yanichukiza zaidi. Watu watano wakigawiwa nne nne, 20 zimekwenda na moja imefunuliwa, zinabaki 31. Kwa zile mbili na tatu, rundo huisha upesi. Hapo karata zilizokwisha chezwa hugeuzwa ziwe rundo jipya, isipokuwa ile ya juu. Zisipochanganywa, hurudi kwa mpangilio ule ule zilivyochezwa, na mwenye kumbukumbu njema anajua kila mtu ataokota nini. Basi wako wanaookota makusudi, ilhali wanazo za kucheza, ili rundo liishe haraka. Katika bao, kete 64 zote zimo machoni mwa watu, na mwenye akili ya kuhesabu hana lawama. Karata ni kitu cha siri. Anayeijua kabla haijafunuliwa amechungulia, hata kama hakunyanyua jicho.

Na kwa nini wagombane hivyo kwa mchezo? Kwa sababu wa mwisho hununua chai ya wote. Hapo msomaji wangu ameshakunja uso, na ana haki: kikombe cha chai kikiwekewa dau kimeshaingia katika kamari, kiwe kidogo namna gani.

Fundi viatu, aliyekuwa mkubwa wao, ndiye aliyewatuliza. Alisema kanuni hiyo haikutajwa kabla ya kugawa, kwa hivyo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, na kila mtu ajilipie chai yake. Akazichanganya karata mara tatu, na kabla ya kugawa akaanza kuzitaja kanuni moja moja, wenzake wakiitikia. Ya Jeki ikapita: wakibaki wawili, anayeruka hamalizi papo hapo. Ya rundo ikapita. Alipofika kwa mfalme akauliza, je, wakibaki wawili, njia ikigeuzwa zamu ni ya nani?

Gari langu likapiga honi. Nilipotazama nyuma dirishani, karata zilikuwa bado mkononi mwake.