Mzee Asipumzishwe Mno

Kijana wa Geita akipata dhahabu, akishamaliza kuezeka nyumba humgeukia mzazi. Humtoa shambani, humtafutia mtu wa kuchota maji, humnunulia sofa, na siku ya gulio humwitia bodaboda. Ni mapenzi ya kweli. Lakini misuli isipotumika husinyaa, na ukishapita miaka 60 husinyaa upesi zaidi, hasa ya mapajani. Ndipo mama aliyelima pamba maisha yake yote anashindwa kuinuka bila kushikwa mkono, kisha siku moja anateleza bafuni na nyonga inavunjika.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wengine wako wilayani Meatu, wametufunza jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama mtu wa ofisini. Ila sehemu ya muda huo huchuchumaa au hupiga magoti, na miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo.

Na aliyekwisha kudhoofika? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walitoa matokeo ya wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 90 hivi. Walinyanyua vyuma kwa miguu kwa wiki 8, na kwa 9 waliomaliza nguvu ya miguu ikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174! Nyumbani si lazima vyuma: mzee ainuke kitini bila kujishika, akae, arudie mpaka mapaja yachoke. Au alime tuta moja asubuhi. Aliyezeekea kwenye vumbi la maduara ya dhahabu na karasha za kusaga mawe, naye anakohoa, aanzie hospitali apimwe mapafu.

Sahani nayo ina makosa yake. Misuli ya uzeeni huhitaji protini nyingi kuliko ya ujanani, nasi tunampa mzee uji mweupe na chai ya sukari kwa kuwa meno yameisha. Dagaa wa Nkome wakisagwa huingia kwenye uji huohuo, pamoja na mifupa yao yenye kalsiamu. Karanga zilizotwangwa, maharage yaliyopondwa na maziwa mgando havidai meno. Michembe na matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, ni vitamu, lakini ni wanga. Visiwe mlo mzima.

Kwa hiyo, mwenye fedha ya dhahabu amnunulie mama ng'ombe wa maziwa, na kazi ya kukamua amwachie mwenyewe.