Fahamu: Je, mtu anaweza kufukuzwa kazi Durban kwa kubadili jinsia?

Kisheria, hapana. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi wa kijinsia, na chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 1995, fidia ya anayefukuzwa kwa sababu hiyo yaweza kufikia mishahara ya miezi 24. Waajiri hudai tatizo si jinsia bali uaminifu: mbona hakusema kwenye usaili? Ndivyo kampuni ya Datacentrix ilivyojitetea baada ya kumfutia ajira mtu aliyewaarifu, kazi ameshaipata, kwamba anabadili jinsia. Mahakama ya Kazi ikaona hakuwa na wajibu wa kulitaja, ikaamuru alipwe randi 100,000 na aombwe radhi. Sawa kabisa, kwa maoni yangu. Usaili hupima uwezo wa kazi.

Ugumu uko kwenye ushahidi, kwani ni nadra barua ya kufukuzwa kutaja jinsia. Na muda ni mfupi: siku 30 kupeleka fomu 7.11 CCMA, chombo cha usuluhishi chenye ofisi Mtaa wa Anton Lembede, katikati ya jiji. Hakuna ada, ila nakala lazima kwanza imfikie mwajiri.