Unataka kuvalisha pikapu yako raba? Soma hii kwanza

Umeona ile pikapu nyeusi tii, isiyong'aa hata kidogo, ikipita Waiyaki Way kama kivuli? Usidhani lazima mwenyewe alilipa fundi wa rangi. Huenda ni raba ya kupuliza. Inakauka, inashika bodi kama ngozi, na ukiichoka unaibandua. Inayojulikana zaidi ni Plasti Dip ya Marekani, iliyopata jina kwa kuvalisha mikono ya koleo ili isiteleze.

Uzuri wake ni kwamba rangi ya kiwanda inabaki salama chini. Kama gari bado unalilipia mkopo, au unapanga kuliuza, hapo ndipo akili iko.

Lakini usikimbie Kirinyaga Road kutafuta mikebe kabla hujajua haya.

Kwanza, usafi. Pikapu inayobeba sukuma kutoka Kangemi hadi Marikiti ina grisi, lami na vumbi kila kona. Osha, toa waksi yote, kausha kabisa. Kisha ziba vioo, taa, namba za gari na zile alama za kuakisi mwanga kule nyuma.

Pili, koti. Ya kwanza iwe nyepesi sana, rangi ya zamani ionekane. Shika mkebe umbali wa sentimita 15 hadi 20, na usubiri kama nusu saa kabla ya koti nyingine. Piga tano au zaidi. Wengi huharibu hapa: wanabana pesa, wanapiga mbili. Raba nyembamba haibanduki vipande vikubwa, inakatikakatika, na utakwangua kwa kucha wiki nzima. Toa tepu koti ya mwisho ikiwa bado mbichi, la sivyo itang'oka na raba.

Tatu, chagua siku. Asubuhi kavu isiyo na upepo ndiyo poa. Machi hadi Mei, mvua itakuchezea. Jua la saa saba nalo likichoma boneti, raba itakauka kabla haijatandaa.

Nne, na hili usilichukulie mchezo: moto. Kwa ploti nyingi za Kawangware, gari linaegeshwa hatua chache tu kutoka jiko la mtu. Mvuke wa hii kitu unashika moto, na ukiuvuta utakupa kizunguzungu. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Tafuta yenye chujio la mvuke wa kemikali, na ufanyie kazi mahali wazi. Jirani akiwa anapika chapati, hamisha gari ama ungoje amalize. Nyumba za watu zikiungua, hakuna cha kubandua.

Tano, sheria. Rangi ya gari imeandikwa kwenye logbook. Ukibadilisha gari zima, ijulishe NTSA. Kumwambia askari barabarani kwamba "hii inatoka" hakutakusaidia, maana yeye anaangalia anachoona.

Ukishamaliza, chunga petroli. Inayeyusha raba, kwa hivyo ikimwagika ukijaza tangi, ifute hapo hapo.

Kama hujawahi, anza na rimu nne. Zikitoka fiti, ndipo uende kwa boneti. Zikitoka vibaya, ongeza koti, bandua, na usimwambie mtu.