Kisahani cha Darini

Katika makala haya nataka kuwaeleza juu ya kile kidude cheupe cha mviringo kilichobandikwa darini bwenini, ambacho sisi tumezoea kukiita "kisahani". Jina lake hasa ni kigunduzi cha moshi. Wengi wenu mnakijua kwa kelele zake tu. Mimi nilikijua kwa aibu, kama mtakavyoona.

Kabla sijahamia hapa, nilikuwa kapteni wa bweni katika shule nyingine, huku huku Embu. Bweni letu lilikuwa na visahani viwili. Kimoja fundi alikuwa amekipigilia juu kabisa ya meza ya kupigia pasi, na pasi zetu, bana, zilikuwa za makaa! Basi kila Jumapili jioni, mtu akipuliza makaa yake tu, kisahani kinapiga yowe hadi masikio yanauma. Cha pili kilikuwa na tabia ya kulia "pip" moja kila baada ya dakika moja hivi, usiku kucha. Wavulana walinijia wakasema, "Kapteni, fanya kitu, tunataka kulala." Nikapanda juu ya kitanda cha ghorofa, nikavizungusha vyote viwili, nikatoa betri. Bweni zima lilinipigia makofi. Betri iliyokuwa bado na nguvu nilimpa rafiki yangu atie kwenye karedio kake.

Wiki tatu baadaye, yapata saa nane usiku, niliamshwa na kikohozi. Si changu, cha mvulana wa kitanda cha juu. Kumbe kuna mwenzetu aliyeficha simu chini ya godoro, akaiunganisha na waya alioiba kwenye taa, chaja ikapata moto. Godoro halikuwaka mwali. Lilikuwa likifuka tu, kimya kimya, na moshi ulikuwa umeshashuka kutoka darini hadi usawa wa vitanda vya juu. Tulizima swichi kubwa, tukalikokota godoro nje, tukalimwagia maji. Mmoja wetu alichubuka mikono kwa moto, wengine wote tulikuwa salama. Mwalimu wa zamu alipouliza kwa nini visahani havikulia, macho yote yaligeuka kwangu. Hakunichapa. Alinituma nikahesabu vitanda vilivyokuwa na watu usiku ule. Vilikuwa 48.

Likizo ya Aprili nilipanda matatu ya kwenda Meru kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa stima. Nilimsimulia yote. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kesho tutaenda kazini pamoja, mwanangu. Utabeba ngazi." Alikuwa anaweka vigunduzi katika jumba moja la kulala wageni pale mjini, na ndiko nilikoyapata mengi ya haya ninayowaeleza.

Vigunduzi vya moshi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ina kitaa kidogo ndani ya chumba chenye giza. Mwanga wake huelekezwa pembeni, usimulike lile "jicho" lililomo humo. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, kiasi fulani kinaliangukia jicho, na kengele inalia. Ni kama vile mwale wa jua unavyoonekana jikoni penye moshi. Aina hii ni hodari kwa moto unaofuka polepole, kama wa godoro letu. Aina ya pili ina chembe ndogo sana ya madini ya mnururisho yaitwayo amerisiamu, ambayo huifanya hewa ya ndani ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia umeme huo hupungua, na kisahani hupiga kelele. Hii hushika haraka moto wenye miali mikali, lakini pia hudanganyika upesi kwa moshi wa kukaanga chakula.

Nilicheka nilipojua jinsi aina hii ya pili ilivyozaliwa. Katika miaka ya 1930 Mswisi mmoja, Walter Jaeger, alijaribu kuunda chombo cha kugundua gesi ya sumu. Chombo kikagoma. Akawasha sigara kwa kukata tamaa, na mara mshale wa kipimo chake ukasogea: ulikuwa umenusa moshi wa sigara.

Je, jikoni? Jiko letu ni la kuni, na kigunduzi cha moshi pale kingelia tangu uji wa asubuhi hadi githeri ya jioni. Mahali kama hapo huwekwa kigunduzi cha joto, ambacho moshi hakiujali. Kingine hungoja joto lifike kiwango fulani, mara nyingi karibu nyuzi 58 za selisiasi. Kingine huangalia mwendo, joto likipanda kwa haraka isiyo ya kawaida, kinalia. Lakini mjomba alinionya nisidhani hiki kinatosha bwenini. Joto la kukiamsha likifika darini, moshi umeshawafikia waliolala zamani. Godoro la sponji likiungua hutoa kaboni monoksaidi na hewa ya sianidi, na mtu aliyelala anaweza kuzivuta asiamke tena. Pua ya mtu usingizini haitegemewi. Mimi mwenyewe niliamshwa na kikohozi, si na harufu.

Sasa mahali pa kukiweka. Moshi hupanda juu, ukafika darini ukatandaa. Kwa hiyo kigunduzi hukaa darini, katikati ya chumba kadiri inavyowezekana, si kwenye pembe ambako hewa hutulia na moshi huchelewa kufika. Katika kanuni za Uingereza, ambazo mjomba alifundishwa, hapawi na sehemu ya chumba iliyo mbali zaidi ya meta 7.5 na kigunduzi cha moshi, au meta 5.3 na cha joto. Bweni refu kama letu, basi, kimoja hakitoshi. Palipo na mabati matupu bila dari pana taabu yake: mchana mabati yanapata moto, hewa ya juu inakuwa ya joto kuliko moshi, na moshi mwembamba unasita chini yake. Ndiyo maana hakigandamizwi kwenye bati. Huning'inizwa chini kidogo, cha moshi kisizidi sentimita 60.

Kile cha meza ya pasi, kwa hiyo, kilikuwa kizima kabisa. Kosa lilikuwa mahali pake. Kigunduzi kinachodanganya kila wiki huwafundisha watu kutokisikiliza, na hatimaye hutokea mtu kama mimi. Ilitosha kuhamisha meza! Na ile "pip" ya usiku ilikuwa inaomba betri mpya, basi.

Kukijaribu ni kazi ya dakika moja. Waambie watu kwanza, halafu bonyeza kitufe kwa mpini wa ufagio mpaka kilie. Hata hivyo, kitufe huonyesha tu kwamba betri na kengele ni nzima. Hakionyeshi kama moshi unaweza kuingia. Mafundi hutumia mkebe wa moshi wa majaribio, na kwa cha joto, mashine ya kukaushia nywele. Msijaribu kwa kiberiti, plastiki itayeyuka. Vumbi lazima litolewe kwa brashi laini, hasa huku kwetu ambako kiangazi vumbi huingia kila mahali na mvua ikianza wadudu hufuata. Visipakwe rangi. Mjomba alinionyesha kimoja kilichofunikwa kwa mfuko wa plastiki na wapaka rangi, wakausahau, na watu wakalala chini yake. Vingi vya betri, baada ya miaka 10 hutupwa, hata kama bado vinalia.

Hata hivyo kisahani hakizimi moto. Hukupa dakika chache tu, na dakika hizo zinahitaji mlango. Bombolulu mwaka 1998 wasichana 26 walikufa, na Kyanguli tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67. Kote kuwili kulikuwa na mlango uliofungwa kwa nje na madirisha yenye vyuma. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na ving'ora viwepo. Mwongozo huo ulikuwapo wakati wavulana 21 walipokufa Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024.

Hapa shuleni mwalimu wa fizikia amenikabidhi ufagio. Kila Jumamosi baada ya usafi nabonyeza visahani vyote na kuandika katika daftari. Muhula uliopita kile cha karibu na ngazi hakikulia. Tulikifungua, tukakuta buibui amejenga ndani, tukakisafisha, na bado hakikulia mpaka tulipokitia betri mpya. Siku hiyo hiyo nilijaribu mlango wa katikati. Ulifunguka, lakini nje yake palikuwa na rundo la madawati mabovu, na kuyahamisha kulituchukua hadi kengele ya chakula cha mchana.